Mlango wa Kushoto

Septemba ya Dodoma haina mchezo na kitu kibichi. Unaanika kanga, unapofika mwisho wa kamba ile ya kwanza imeshakauka, na midomo ya watu inapasuka kwa kuongea tu. Sasa niambie wewe: puti iliyopakwa Jumamosi inabakije mbichi hadi Jumatatu?

Puti ni ule uji mzito wa kopo ambao mafundi bodi huzibia mabonde ya bati kabla ya rangi. Fundi Masudi aliipaka mwenyewe kwenye mlango wa kushoto wa lile gari la Kimarekani, akaisawazisha kwa mkono ambao Dodoma nzima iliuheshimu, na mlango wote ukawa mgumu inavyotakiwa. Isipokuwa doa moja. Lilikuwa chini kidogo ya kitasa, upana wa kidole gumba, na ukiligusa lilibonyea. Ulimboka, mpiga rangi wake, aliligusa asubuhi ile, akanusa kidole, akakifuta kwenye suruali, kisha akakinusa tena.

"Fundi, nani kamwaga marashi hapa?"

Masudi akamjibu kwamba kopo lilikuwa bovu, alichimbe doa apake nyingine. Wakapaka. Jumanne likawa bichi. Wakapaka tena. Jumatano bichi vilevile, na safari hii ile harufu ya waridi ilichanganyika na harufu ya damu ya mbuzi iliyokaa juani. Ulimboka, Mnyakyusa mcheshi wa kanisa la Moravian, asiyeogopa kitu isipokuwa njaa, siku hiyo alikula chakula chake upande wa pili wa ua.

Gari lenyewe lilikuwa Mustangi ya mwaka sitini na saba, milango miwili, pua ndefu. Mzungu mmoja mtaalamu wa mizabibu aliliacha Makutupora alipoondoka, na kwa miaka kumi na mitano kuku walitaga humo. Mwaka ule wa tisini na tatu maduka yalijaa ghafla vitu tulivyokuwa tukivisikia tu redioni, kila mwenye cheo akataka aonekane, na Mzee Elisante, karani mkubwa wa ofisi za mkoa, akalinunua gofu lile, akalivuta kwa trekta hadi karakana ya Masudi pale mtaa wa Kikuyu. Alitaka Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Septemba binti yake Debora aende nalo kanisani kuolewa. Watu walicheka. Masudi hakucheka. Alilizunguka mara mbili akipapasa kutu, na tangu siku ile hakuwa na mazungumzo mengine: akila ni gari, akilala ni gari. Kwa miezi mitatu alilikata, akalichomelea, akalinyoosha, na mistari ya ubavuni iliyokuwa imeliwa yote na kutu akairudisha kwa jicho lake na picha moja ya gazeti. Ilikuwa kazi ya maisha yake. Hilo simnyimi, mengine yote namnyima.

Tatizo lilikuwa bati. Mabati mapya yaliyoingia madukani yalikuwa membamba, ukiyagusa kwa moto wa gesi yanatoboka. Masudi alitaka bati nene la zamani, na alilijua lilipo. Lilikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda: sanduku la marehemu mama yake.

Mama yake, Mrangi wa Kondoa, alikuwa kiti, ndivyo wanavyomwita mtu anayepandwa na jini. Mganga wake alimtuliza jini huyo ndani ya sanduku lile. Ndani mlikuwa na kitambaa chekundu na kikombe, na nje, kwa miaka thelathini, bati lilifukizwa udi na kupakwa damu ya mbuzi kila mwaka. Rangi halikupakwa hata siku moja, bibi yule alikataza kabisa. Alipofariki, jini alitakiwa amhamie mkamwana, Mwantum, mke wa Masudi. Mwantum akakataa kupandwa ila akakubali kutunza. Kila Alhamisi alasiri alidondoshea marashi ya waridi kwenye tundu la kufuli, akafukiza udi, yakaisha hapo, na nyumba ikakaa kwa amani miaka sita. Masudi alimcheka. Sanduku aliliita mke mwenza.

Agosti, Mwantum akaenda Kondoa kwenye msiba wa mjomba wake. Siku ya tatu tu Masudi akachukua mkasi wa bati. Kifuniko cha sanduku kikawa sakafu ya gari. Kitako kikaziba buti. Uso wa sanduku, ule wenye tundu la kufuli, akaukunja vizuri ukawa nusu ya chini ya mlango wa kushoto, na lile tundu, lililoangukia chini ya kitasa, akaliacha lije kuzibwa kwa puti. Mabaki akayasukuma chini ya meza, maana fundi hatupi bati. Alipokuwa anachomelea, Ulimboka alikohoa akasema huu moshi leo unanukia harusi. Jioni Masudi akaenda sokoni, akanunua sanduku jipya la maua ya bluu na kufuli mbili zinazong'aa, akahamishia humo kitambaa na kikombe kwa mikono yake. Masikini, alidhani amemnunulia mkewe zawadi.

Mwantum aliporudi alisimama mlangoni mwa chumba na mzigo bado kichwani. Hakugomba. Aliuliza tu la mama liko wapi, akaambiwa limeoza, limetupwa. Akakaa kitandani akilitazama lile la maua, na kesho yake alipoamka sauti ilikuwa imemkauka, anaongea kwa mkwaruzo, kooni. Masudi akamwambia ni vumbi la Kondoa, anywe maji ya moto.

Tumerudi kwenye wiki ya puti. Alhamisi, saa kumi alasiri, jua likiwa kali bado na upepo umeanza kutulia, mlango wa kushoto ukagonga. Mara tatu, polepole, kutoka ndani ya bati, kwa namna mgeni mwenye adabu anavyobisha hodi. Ulimboka akaachia msasa.

"Umesikia?"

"Bati linapoa," Masudi akasema.

Lakini bati halikuwa linapoa, lilikuwa juani, ukiweka mkono unaungua. Wote wawili walikuwa bado wanatazamana Mwantum alipoingia uani, peku, kichwa wazi, yeye ambaye hakuwahi kutoka bila ushungi, ameshika kikombe cha marashi kwa mikono miwili. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, akapiga magoti, akamimina marashi kwenye lile doa, akaweka kiganja juu yake, na kwa muda akakaa hivyo macho yamefumbwa. Alipotoa kiganja, doa lilikuwa limekauka. Masudi aliligonga kwa ukucha. Gumu, laini, safi, puti bora kuliko zote alizowahi kupaka.

Hapa ndipo ninapomchukia mtu huyu. Mwanamume mwingine angemkumbatia mkewe akamrudisha nyumbani. Masudi alipiga msasa.

Ijumaa praima ya kwanza, ile rangi ya kijivu ya chini, ikatoka mapovu kwenye sakafu na kwenye buti, palepale palipo na bati la sanduku. Masudi hakuuliza kwa nini. Alituma mtu amwite Mwantum. Mwantum akaja, akagusa, mapovu yakalala. Jumamosi akamwita tena. Jumapili akamwekea kiti kidogo kando ya gari, awe karibu. Kila alipogusa, kazi ilitulia, na kila alipogusa, yeye alipungua. Kwanza alipoteza ladha, akaweka chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kukunja uso. Kisha akapoteza maumivu: aliepua sufuria motoni kwa mikono mitupu, ngozi ikabaki kwenye chuma, akaitazama ile ngozi kama inayomhusu jirani. Masudi alimfunga vitambaa viganjani. Siku iliyofuata akavifungua, maana vilizuia mguso.

Ulimboka aliona yote hayo. Siku moja alimvuta bosi wake nyuma ya kompresa, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, akamwambia kwa sauti ya chini sana, bila utani wake wa siku zote.

"Fundi, huyu ni mkeo, au ni jua la kukaushia puti?"

Masudi akamwambia ashike kazi yake.

Kilichomshtua hatimaye ni barua. Ilitoka Kondoa, kwa mtoto wao Asma, aliyekuwa akisoma huko kwa shangazi yake, ana miaka tisa, mtoto wao wa pekee. Jumanne mchana Masudi alimsomea barua ile mkewe aliyekuwa ameketi kwenye kile kiti kando ya mlango wa kushoto, na Mwantum alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akauliza kwa ule mkwaruzo, "Asma ndiye nani?" Na kabla Masudi hajajibu, kutoka ndani ya mlango, kwa sauti nzuri laini ya Mwantum ya siku zote, ile iliyokuwa imepotea tangu Agosti, sauti ilianza kutamka jina la Asma, ikalirudia na kulirudia taratibu kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya kuhama nyumba ili ahakikishe hakuna kilichosahauliwa. Masudi alikimbia hadi barabarani ndipo akagundua ameacha viatu.

Jumatano alfajiri alidandia lori hadi Ihumwa. Kando ya reli aliishi Bi Sikudhani, mganga aliyemtuliza jini wa mama yake zamani hizo, mwembamba, mkali, jicho moja limeingia ukungu, anauza tumbaku na chumvi mlangoni kwake. Masudi akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza. Bibi alimsikiliza bila kuacha kupima tumbaku.

"Hukumfukuza, mwanangu," akasema. "Umemjengea ghorofa lenye vioo na magurudumu. Mwenye nyumba akihama anahama na vitu vyake, na kitu chake ni yule aliyemtunza."

Akampa masharti, akamrudishia kila sharti mara mbili. Kesho Alhamisi, kabla ya alasiri, akate vipande vyote vitatu, avilete pamoja na mabaki na mkewe. Sanduku liundwe upya hapohapo, jini arudi ndani, na alichochukua akiache. Lakini rangi isiguse bati lile. Rangi ni kufunga mlango kwa nje. Atakayekuwa ndani rangi inapopita atabaki ndani, na atakayekata bati baada ya hapo atawamwaga wote wawili, jini na mtu, wala hakuna wa kuwazoa.

Masudi alirudi amedhamiria, na ninaamini alidhamiria kweli. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri alikuwa chini ya gari na tindo. Kifuniko kilitoka sakafuni kwa nusu saa, pale atatandika zulia, hakuna atakayejua. Kitako cha buti kikatoka nacho, pengo akaliziba kwa bati la pipa. Kisha akasimama mbele ya mlango wa kushoto, na jua likachomoza upande wa Ihumwa, likapita juu ya praima ya kijivu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, na mstari wa ubavu ukanyooka bila wimbi, bila kasoro, mstari aliouhangaikia wiki tatu kwa nyundo, na bati jingine nene la kuurudishia hakuwa nalo, na harusi ilikuwa keshokutwa. Akakaa chini na tindo lake mapajani.

Sasa nikwambie tabia ya mafundi wetu, na wala si ya Masudi peke yake. Pasipofika nyundo wanapaka puti. Mteja haoni chini ya rangi, na asichokiona mteja hakipo. Wameishi hivyo miaka yote ya shida, wakatutengenezea magari kwa makopo na ujanja, nasi tukawasifu. Masudi akamfanyia jini alivyozoea kuwafanyia wateja. Alichukua kipande cha pipa la mafuta, akakikata kwa kipimo cha uso wa sanduku, akakitoboa tundu la kufuli kwa tupa, akakifukiza udi mpaka kikawa cheusi, akakipaka marashi. Ukikiweka kando ya vile viwili, hutofautishi. Akajiambia vipande viwili kati ya vitatu vinatosha, kilichobaki ni kidogo.

Upepo wa Dodoma hutupa vumbi mchana kutwa na hutulia alasiri, kwa hiyo ndipo rangi hupigwa. Na rangi ile ilihitaji siku mbili ikauke. Kabla ya kuondoka na Mwantum alimwagiza Ulimboka amwagie maji sakafu, avute turubai, na saa kumi kamili apige rangi nyekundu, aanzie mlango wa kushoto. Kuhusu masharti ya bibi hakumwambia neno.

Ihumwa, ndani ya chumba cha Bi Sikudhani, aliunda sanduku kwa ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, pigo kwa pigo, mkewe ameketi mkekani akitazama ukuta. Lilipokamilika bibi alilipapasa kwa vidole pande zote. Kwenye uso akasita.

"Huu ndio wenyewe?"

"Ndio, bibi."

"Apa."

Masudi akaapa kwa jina la Mungu.

Bibi akawasha udi, akakiweka kiganja kilichobabuka cha Mwantum juu ya kifuniko, akaanza kumwita jini kwa Kirangi, kwa sauti ya kubembeleza, na sanduku likaanza kutikisika, likagonga ubavu, likagonga mgongo, likagonga kitako kwa nguvu mpaka mkeka ukasogea, lakini usoni halikugonga, na bibi akaongeza udi na kuita zaidi huku jasho likimtoka, na Masudi akaona rangi ya damu inarudi mashavuni kwa mkewe, akaona macho yake yanatafuta, yanapita ukutani, yanapita kwa bibi, yanakaribia kumfikia yeye, na wakati huohuo chumba kile cha tumbaku na chumvi, ambamo hapakuwa na kopo la rangi wala ndani ya nyumba kumi jirani, kikajaa harufu kali ya rangi mbichi.

Mwantum akamtazama mumewe. Alimtambua. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, laini, ya siku zote.

"Baba Asma, mbona giza? Nani anapaka rangi?"

Kisha macho yakabaki wazi, na hakuna aliyekuwa akitazama kupitia hayo. Sanduku lilitulia tuli. Bi Sikudhani akalikung'uta kwa kidole pale usoni, akasikiliza mlio wa bati la pipa, akamgeukia Masudi kwa lile jicho lake zima. Hakumlaani. Alimwambia achukue sanduku lake tupu na mwanamke wake mtupu, atoke.

Jumamosi harusi ilifana. Gari lilipita mjini jekundu, linameta, watu wakasimama barabarani, na wanaojua magari waliinama kutafuta kasoro, wasione. Bibi harusi Debora aliketi upande wa kushoto. Alimtuma mtu kumshukuru fundi kwa kuwa hata marashi ya waridi amekumbuka kuweka.

Mwantum yupo. Anakula akilishwa, anakaa anapokalishwa. Asma aliletwa kumwona, akarudishwa Kondoa baada ya siku mbili tu, alikuwa akilia akisema huyu si mama. Gari lile jekundu likipita mtaa wa pili Mwantum huinuka, akasimama wima akitazama upande lilipo hadi mngurumo uishe, kisha huketi. Ulimboka aliacha kazi wiki ileile. Alipojua alichokipulizia rangi, aliuza bunduki yake ya rangi, akarudi kwao kulima.

Novemba, Mzee Elisante alilirudisha gari karakana. Akasema hana malalamiko, kazi ni nzuri, ila mlango wa kushoto unagonga. Hasa Alhamisi. Na hapa chini ya kitasa pana doa limelainika, dogo, upana wa kidole gumba. Fundi mwingine alitaka kuukata mlango atazame ndani, mzee akakataa, akaona bora aukate yule aliyeutengeneza. Akaona tindo mezani, akamletea Masudi.

Masudi alipiga magoti, akaweka sikio kwenye bati. Lilikuwa la moto kwa jua. Ndani, karibu sana, sauti ilimwita, bila hasira, kwa uvumilivu uleule wa mke aliyerudi bombani na ndoo kichwani akakuta mlango umefungwa.

"Baba Asma. Nifungulie."

Hakuondoa sikio, mpaka mzee akaanza kuona haya.

"Kuna nini humo, fundi?"

"Hakuna kitu, mzee," Masudi akasema. "Bati linapoa."

Akarudisha tindo mezani. Akafungua kopo la puti, akachota kwa kidole, akaliziba lile doa. Ilikauka kabla hajatoa mkono.